Karnivali ya Köln: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Januari maswali huanza upya. Mwanafunzi aliyefika chuoni Oktoba anamwona mwenzake akishona vazi la nyuki. Muuguzi anaambiwa wodini kwamba Alhamisi fulani ya Februari kila mtu ameomba likizo. Mama aliyeko Mwanza au Mombasa anatumiwa picha ya mwanawe mwenye pua nyekundu ya mpira, naye anapiga simu kuuliza huko Ujerumani kuna nini. Majibu yako hapa chini. Tunaipenda sherehe hii, na kwa sababu tunaipenda tutayasema pia yale yasiyotupendeza.

Karnivali ya Köln ni sherehe ya nini?

Ni msimu wa kufurahi kabla ya Kwaresima. Zamani mfungo ulikuwa mkali kuliko sasa: nyama, mayai, siagi na mafuta ya wanyama viliwekwa kando mpaka Pasaka. Kwa hiyo kabla ya Jumatano ya Majivu watu walimaliza vilivyokuwa jikoni, wakanywa, wakaimba na kucheza. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu, kwa kuwa anajua kuvunja jungu mwishoni mwa Shaabani. Köln wamelivunja la kwao kwa karne nyingi. Hati ya baraza la mji ya mwaka 1341 tayari inapiga marufuku kutumia fedha za umma kwa sherehe hizi, dalili kwamba kuna waliokuwa wakizitumia.

Lakini chakula na kinywaji ni sehemu moja tu. Sehemu ya pili, na kwetu ndiyo kubwa, ni ruhusa ya kumcheka mkubwa. Kwa siku chache za mwaka mji unatawaliwa na watu wa karnivali, bosi anakatwa tai kazini, na wanasiasa wanachongewa masanamu yanayopitishwa barabarani mbele ya umati. Ruhusa hiyo ina viongozi wake, sare zake na saa zake. Mgeni huona kelele kwanza. Akikaa misimu miwili mitatu huanza kuuona utaratibu.

Kwa nini msimu unafunguliwa tarehe 11 Novemba, miezi mitatu kabla?

Tarehe 11 mwezi wa 11, saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, ambayo kwa saa ya Wajerumani husomeka 11:11, maelfu ya watu hujaa katika viwanja vya mji wa kale, hasa Heumarkt, na msimu hufunguliwa rasmi. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Martin. Hapo kale ilikuwa pia mkesha wa mfungo mwingine, ule wa kuelekea Noeli, hivyo watu walikula na kunywa kama wanavyofanya kabla ya Kwaresima.

Kumi na moja yenyewe ni namba ya wachekeshaji. Kila chama cha karnivali kina baraza la watu kumi na moja linaloketi jukwaani. Nembo ya mji wa Köln nayo ina alama kumi na moja nyeusi, kwa kumbukumbu ya Mtakatifu Ursula na wanawali wenzake waliouawa, kadiri ya masimulizi ya Kanisa, nje ya kuta za mji.

Baada ya siku hiyo moja mambo hutulia. Desemba ni ya Majilio na Noeli. Mwaka mpya ukiingia ndipo kumbi zinaanza kujaa tena.

Tarehe za siku kuu nazijuaje?

Hesabu kurudi nyuma kutoka Pasaka. Jumatano ya Majivu huwa siku 46 kabla ya Pasaka: siku arobaini za mfungo, pamoja na Jumapili sita ambazo hazihesabiwi. Jumatatu inayoitangulia ndiyo Rosenmontag, siku ya maandamano makubwa. Mwaka 2026 Rosenmontag ni tarehe 16 Februari, 2027 ni tarehe 8 Februari, na 2028 ni tarehe 28 Februari. Haiwezi kuangukia kabla ya tarehe 2 Februari wala baada ya tarehe 8 Machi. Ukitaka hoteli, weka nafasi miezi mingi kabla. Walioacha hadi Januari hujikuta wanalala Bonn au Düsseldorf.

Siku sita zenyewe zinakwendaje?

Zinaanza Alhamisi, siku ya wanawake, inayoitwa Weiberfastnacht. Saa tano na dakika kumi na moja karnivali ya barabarani hufunguliwa katika uwanja wa Alter Markt. Tangu asubuhi wanawake wanatembea na mikasi, na tai yoyote wanayoikuta shingoni mwa mwanamume wanaikata. Ndugu yetu, kama una kikao siku hiyo, vaa tai kuukuu au usivae kabisa, ukikatwa, cheka. Mila hii ina mizizi ya heshima. Ng'ambo ya mto kutoka mji wa Bonn, mahali paitwapo Beuel, mwaka 1824 wanawake waliokuwa wakifua nguo za watu kwa ujira waliunda kamati yao wenyewe, wakichoshwa na sherehe zilizokuwa za wanaume. Mpaka leo wanawake wa Beuel huuvamia ukumbi wa manispaa kila Alhamisi hiyo. Tunapenda wageni waijue habari hii, kwa sababu mikasi ile si mchezo mtupu.

Ijumaa watu hupumua kidogo, ingawa baa zinajaa. Jumamosi usiku hutoka maandamano ya mizimu, Geisterzug: hakuna magari ya fahari wala pipi, ni watu waliojivika mashuka, mifupa ya kuchora na taa, wakipiga ngoma kupitia mitaa iliyo mbali na katikati ya mji. Yeyote anaweza kuingia na kutembea nao.

Jumapili ni zamu ya shule na mitaa. Watoto na walimu wao huandamana kwa mavazi waliyoyashona wenyewe, wakifuatiwa na vikundi vya majirani. Ukituuliza siku moja ya kumleta mtoto mdogo, tutakuambia hii. Umati ni mpole, na ubunifu wa watu wa kawaida unauona kwa karibu.

Jumatatu ni Rosenmontag. Maandamano huanza saa nne asubuhi na husafiri kilomita saba hadi nane ndani ya mji. Washiriki ni zaidi ya 10,000, watazamaji zaidi ya milioni moja. Kuna bendi za tarumbeta, vikosi vya sare, masanamu makubwa ya wanasiasa, na mwishoni kabisa gari la Mwanamfalme wa karnivali. Ukisimama mahali pamoja, yote yatakupita kwa saa kadhaa. Si sikukuu ya serikali, lakini shule za Köln hufungwa, na ofisi na maduka mengi pia.

Jumanne mitaa kama Ehrenfeld na Nippes hufanya maandamano yake, na usiku huchomwa Nubbel, ambaye tutamweleza chini. Jumatano ni majivu.

Hao watatu wanaoitwa Dreigestirn ni akina nani?

Ni Mwanamfalme, Mkulima na Mwali, watawala wa msimu mzima. Utatu huu katika sura ya sasa ulianza 1883, na kila mwaka huwa watu wapya.

Mwanamfalme ndiye mkuu. Mkulima huvaa kofia kubwa yenye manyoya ya tausi, na kiunoni hubeba funguo za malango ya mji. Anawakilisha ulinzi wa Köln na kujitegemea kwake. Mwali hushika kioo na kuvaa taji lenye umbo la kuta na minara, kwa kuwa yeye ndiye mji wenyewe usiotekwa. Mwali ni mwanamume. Ndiyo, mwanamume aliyenyoa ndevu, mwenye nywele za bandia na gauni. Hivi ndivyo ilivyo desturi, na mara mbili tu, 1938 na 1939, jukumu hilo lilichezwa na mwanamke, kwa sababu Wanazi hawakutaka kumwona mwanamume ndani ya gauni. Vita vilipokwisha, mji uliirudia desturi yake.

Kuchaguliwa ni heshima kubwa na ni mzigo. Watatu hao huacha kazi zao kwa wiki nyingi, huhamia hotelini, na huonekana katika mamia ya hafla: kumbi kubwa, hospitali, nyumba za wazee, shule za watoto wenye ulemavu. Ziara hizo za mchana, ambazo kamera hazizifuati sana, kwa maoni yetu ndizo kazi yao nzuri kuliko zote. Mzee asiyeweza tena kushuka ngazi anatembelewa na Mwanamfalme kitandani kwake.

Kwa nini kuna askari wenye bunduki za mbao?

Jibu liko mwaka 1823. Köln ilikuwa imetawaliwa na Wafaransa tangu 1794, kisha kuanzia 1815 na Waprusia, dola ya Kiprotestanti iliyopenda nidhamu ya kijeshi. Karnivali ya barabarani ilikuwa imefifia na kuwa ya fujo. Wananchi wenye uwezo wakaunda kamati ya kuipanga upya, na tarehe 10 Februari 1823 yakafanyika maandamano ya kwanza ya Rosenmontag, yakimtawaza "Shujaa Karnivali", babu wa Mwanamfalme wa leo.

Mwaka huohuo vilizaliwa Rote Funken, kikosi chekundu kinachoiga wanajeshi wa zamani wa mji, waliosifika kwa uzembe. Bunduki zao ni za mbao na kwenye mitutu yake huchomekwa maua. Ngoma yao maarufu ni ya askari wawili kugeuziana migongo na kusuguana makalio huku bunduki zikiwa mikononi. Fikiria jambo hilo likifanywa mbele ya maofisa wa Prussia wenye bunduki za kweli. Watu waliotawaliwa waliwaambia watawala wao kile ambacho wasingeweza kukiandika gazetini. Baadaye viliundwa vikosi vingine, wakiwemo Blaue Funken wa mwaka 1870, na kwa bahati mbaya vingine vimezipenda sare na vyeo kwa dhati kabisa, mpaka mtazamaji mgeni hajui kwamba mwanzoni ilikuwa dhihaka. Ndiyo maana tunalieleza kila mwaka.

Peremende nazipataje?

Piga kelele: "Kamelle!" Ukitaka maua, piga kelele: "Strüßjer!" Anayenyamaza hapati. Kwa makadirio ya kawaida hurushwa tani 300 hivi za pipi siku ya Rosenmontag, pamoja na chokoleti laki kadhaa na vishada vya maua vipatavyo 300,000. Beba mfuko wa kitambaa. Wenyeji wengine hufungua mwavuli na kuugeuza juu chini. Hufaa, lakini humkera aliye nyuma yako. Mtoto asiiname barabarani mbele ya magurudumu kuokota kitu, hata kama ni boksi zima la chokoleti. Kila gari kubwa hulindwa na watu wanaotembea kando yake; wakikuambia rudi, rudi.

Kwa wasomaji Waislamu: pipi laini zinazonata nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Chokoleti na biskuti soma karatasi yake.

Jambo moja linatufurahisha hapa. Baadhi ya vikundi siku hizi hurusha chokoleti na maua yenye alama ya biashara ya haki, na waridi za aina hiyo zinazouzwa Ujerumani kwa sehemu kubwa zinatoka Afrika Mashariki, hasa Kenya. Mkono uliolikata ua karibu na Ziwa Naivasha huenda ni wa binamu yako. Ukiona kikundi kinachonunua kwa bei ya haki, kishangilie zaidi.

Nivae nini?

Vaa chochote, lakini vaa kitu. Asiyejigeuza ndiye anayeonekana wa ajabu. Pua nyekundu na kofia ya rangi vinatosha. Februari ni baridi, kwa hiyo wenyeji hununua vazi kubwa kuliko mwili wao na kuvaa sweta mbili ndani. Viatu viwe vya zamani, visivyopitisha maji, na vya kutembelea kwa muda wa saa nane.

Sasa suala gumu. Utakutana na watu waliopaka nyuso rangi nyeusi, wakavaa sketi za majani na mifupa ya bandia, wakisema wamejigeuza Waafrika. Wapo pia wanaojigeuza "Wahindi Wekundu" kwa manyoya. Miaka ya karibuni mjadala umekuwa mkali, na kuna vyama vya karnivali vilivyoacha, vingine vimekaza shingo vikisema ni mila. Msimamo wetu ni huu: karnivali ya 1823 ilimcheka mwenye nguvu. Kumfanyia mzaha Mwafrika ambaye babu yake alitawaliwa na Ujerumani hiyohiyo, kwa picha zilizotoka katika maonyesho ya enzi za ukoloni, ni kuigeuza sherehe kichwa chini. Ukikutana na jambo hilo huna wajibu wa kutabasamu. Ukiwa na nguvu, sema. Ukiwa huna, ondoka, na wala usijione umeharibu sherehe ya watu. Shuleni kwa mtoto wako zungumza na mwalimu mapema, mwezi Januari, kabla barua ya mavazi haijatumwa nyumbani. Walimu wengi hupokea vizuri.

Na je, wewe mwenyewe uvae kanga, kitenge au kanzu? Ukipenda, vaa. Wengine wetu hufanya hivyo Jumapili, wakijua watu watadhani wamejigeuza. Wengine hawataki nguo ya nyumbani ihesabiwe vazi la mzaha. Kila mmoja aamue.

Wanapiga kelele gani, na mimi niitikie nini?

Kiongozi huita "Kölle!" na umati huitikia "Alaaf!" huku mkono wa kulia ukirushwa juu. Mara tatu. Usiseme "Helau": huo ni wito wa Düsseldorf na Mainz, na Köln hushindana nao kama watani wa jadi. Hutapigwa, ila utaelezwa kwa kirefu.

Kwenye kumbi kuna nini?

Kati ya Januari na Jumanne ya mwisho kunafanyika mamia ya hafla za ndani zinazoitwa Sitzung, za kifahari zaidi zikiwa katika ukumbi wa Gürzenich uliojengwa karne ya 15. Baraza la kumi na moja huketi juu. Wanapanda jukwaani wacheza ngoma, bendi, na msemaji anayetoa hotuba ya vichekesho kwa mashairi. Kila kichekesho kikiisha, bendi hupiga mlio mfupi wa tarumbeta. Watu hushikana mikono na kuyumba pamoja kulia na kushoto.

Tatizo ni lahaja. Hotuba nyingi hutolewa kwa Kölsch, lahaja ya Köln, na hata Mjerumani wa Berlin hukosa nusu. Tiketi nazo si rahisi. Ukienda mara ya kwanza, nenda hafla ya mtaa au ya parokia.

Na sisi wageni tuna nafasi ndani yake?

Tunayo, na tumeijenga. Tangu 2010 kuna Immisitzung, hafla ya jukwaani ya wahamiaji na watoto wa wahamiaji, ambayo kaulimbiu yake inasema kwamba kila mchekeshaji ametoka mahali pengine. Huko utasikia lafudhi zote za dunia, na ubaguzi unachekwa kwa uso mkavu. Kabla yake, mwaka 1984, wanafunzi walikuwa wameanzisha Stunksitzung, hafla ya kupinga vyama vikubwa vya kizamani. Sasa ni miongoni mwa hafla zinazopendwa kuliko zote. Wanawake nao, ambao vyama vikubwa viliwaacha nje kwa muda mrefu, walianzisha chama chao wenyewe, Colombina Colonia, mwaka 1999.

Kiswahili si kigeni Köln. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilitangazia kutoka mji huu kwa miongo kadhaa kabla ya kuhamia Bonn mwaka 2003, na Chuo Kikuu cha Köln kinafundisha Kiswahili katika idara yake ya taaluma za Afrika. Kwa hiyo ukiimba barabarani na jirani akakujibu "Hujambo," usishtuke sana.

Njia rahisi ya kuingia ni maandamano ya mtaa. Ulizia shule ya mtoto, klabu ya mpira au parokia kuanzia Septemba. Wanahitaji watu wa kushona na kubeba mifuko ya pipi, na anayeshona anaandamana.

Ni lazima ninywe pombe?

Hapana. Bia ya hapa, nayo ikiitwa Kölsch kama lahaja, hutolewa katika glasi nyembamba ya robo lita kasoro kidogo, na mhudumu hukuletea nyingine bila kuuliza kila ikiisha. Ukitosheka, weka kile kikaratasi kigumu cha chini ya glasi juu yake. Hiyo ndiyo ishara ya kusema basi. Ukiagiza soda au maji, hakuna atakayekuhoji. Watoto, madereva na wengi wanaoandamana hawanywi.

Ulevi wenyewe ni kasoro ya kweli. Eneo la Zülpicher Straße, karibu na chuo, hufurika vijana tarehe 11 Novemba na Alhamisi ya wanawake mpaka polisi hulifunga. Wakazi huamka na kukuta milango yao imefanywa vyoo. Tangu 2010 chupa na glasi za vioo zimepigwa marufuku katika sehemu zenye umati, na majeruhi wa miguu wamepungua. Hatuoni sababu ya mgeni kwenda Zülpicher Straße. Nenda mitaani kwa watu.

Nimesikia watu wanabusiana ovyo. Ni kweli?

Kuna Bützchen, busu la haraka la mdomo uliofungwa, aghalabu shavuni, linalotolewa kwa furaha hata kwa mtu usiyemjua. Mwanamke akikukata tai, ni desturi akupe moja. Lakini ni la kutolewa na kupokelewa kwa hiari. Halimpi mtu yeyote ruhusa ya kukushika. Anayekushika bila ridhaa amevunja sheria ya Ujerumani siku hiyo kama siku nyingine yoyote. Piga 110 kwa polisi au 112 kwa gari la wagonjwa. Mjini kuna pia maduka na baa zenye stika ya Edelgard, ambapo mwanamke aliye hatarini anaweza kuingia na kusaidiwa. Dada zetu wapya: mpange mahali pa kukutana kabla ya kutoka, maana katika umati simu hukosa mtandao.

Nubbel ni nani?

Ni sanamu la nguo kuukuu lililojazwa majani makavu, linaloning'inizwa juu ya mlango wa baa siku zote za karnivali. Jumanne usiku hushushwa na kubebwa kama maiti, wateja wakifuata na mishumaa, wakilia kwa sauti. Mmoja aliyevaa kama kasisi husoma mashtaka. Nani alimaliza fedha zetu? Umati hujibu: Nubbel! Nani alisababisha nimbusu mke wa jirani? Nubbel! Nani alifanya 1. FC Köln ifungwe? Nubbel! Kisha huchomwa moto, na watu hurudi ndani kunywa glasi ya mwisho.

Wageni wengine huuliza kama ni ushirikina. Hatuoni hivyo. Ni toba iliyofanywa mchezo, saa chache kabla ya toba ya kweli kanisani. Tafuta baa ndogo ya mtaani. Hukumu hutungwa upya kila mwaka, na majina ya wateja wenyewe hutajwa.

Jumatano ya Majivu hali inakuwaje?

Makanisa hujaa tangu asubuhi. Utawaona watu uliocheza nao jana wakipanga foleni kwa utulivu, wakipakwa majivu kwenye paji la uso na kuambiwa wakumbuke kwamba wao ni mavumbi. Mchana familia na vyama hukutana kula samaki, mara nyingi heringi na viazi. Aliyelelewa na Kanisa Katoliki Moshi au Bukoba anaijua ibada hii yote. Kitu kipya kwake ni zile siku sita zilizotangulia.

Kuhusu vyakula vya siku zenyewe: tafuta Berliner, donge la unga lililokaangwa na kutiwa jamu ndani, na Mutzemandeln, vipande vidogo vya kukaanga vyenye sukari juu. Vyote viwili ni kumbukumbu ya kumaliza mayai na mafuta kabla ya mfungo.

Je, imewahi kusimamishwa?

Mara kadhaa. Mwaka 1991, vita vya Ghuba vilipokuwa vikiendelea, maandamano rasmi yalifutwa. Watu wakatoka wenyewe kuandamana, na kutokana na hilo ndipo yalipozaliwa yale ya mizimu ya Jumamosi. Mwaka 2021, wakati wa korona, ukumbi wa vikaragosi wa Hänneschen, ulioanzishwa 1802, ulitengeneza maandamano madogo ya vikaragosi yakaonyeshwa kwenye televisheni. Mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraine alfajiri ya siku ileile ya wanawake, tarehe 24 Februari. Jumatatu iliyofuata, mahali pa maandamano ya furaha, watu wapatao 250,000 waliandamana kudai amani, wengi wakiwa na mavazi yao ya karnivali. Kisha 2023, karnivali iliyopangwa ikitimiza miaka 200, maandamano yalianzia Deutz, ng'ambo ya mto Rhein, na kuuvuka kwa mara ya kwanza.

Miaka ya Wanazi kabla ya vita haikusimamishwa, na hili linauma. Magari yenye kuwadhihaki Wayahudi yalipita barabarani na watu wakashangilia. Alikuwepo hata hivyo Karl Küpper, msemaji wa jukwaani, aliyeinua mkono kwa saluti ya Wanazi kisha akasema kwamba takataka kwake zimefika juu hivyo. Mwaka 1939 alipigwa marufuku kupanda jukwaani. Tukiulizwa karnivali ni ya nani, tunamtaja yeye.

Miji mingine ikoje?

Düsseldorf inasifika kwa masanamu makali ya kisiasa ya Jacques Tilly. Mainz ina hotuba za kisiasa zinazotazamwa nchi nzima. Ukishuka kusini, Rottweil kwa mfano, utakuta jambo tofauti kabisa: barakoa za mbao zinazorithiwa katika familia, na kengele nzito. Karnivali ya Rhein iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya kitaifa ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Nikifika Köln nje ya msimu, kuna cha kuona?

Kuna jumba la makumbusho la karnivali katika barabara ya Maarweg, mtaa wa Braunsfeld, lenye mavazi, nishani na magari ya zamani. Halifunguliwi kila siku, hivyo ulizia ratiba kabla ya kufunga safari. Mwombe anayekuongoza akuonyeshe sehemu ya miaka ya Wanazi, kisha bunduki za mbao.